Tufani ya Unguja Ilivyosikiwa Isevya



Wale waliokuja ofisini mwezi wa Aprili, mwaka 2025, walikuta mlango umefungwa siku tisa. Mmoja wao, ambaye hati yake twaijua lakini jina lake hatulitaji, aliandika kwa chaki mlangoni: "Katibu amekimbia upepo tena." Tumeyasoma maneno hayo. Hatukukimbia upepo. Tulikwenda Isevya, katika mji wa Tabora, pamoja na wazee wawili wa kamati, kumsindikiza mwanachama mwenzetu aliyekwenda kumwoza mwanawe. Lakini kwa kuwa neno "tena" lina kisa chake, na kisa chenyewe kilitufuata mpaka huko bara, ambako hakuna bahari wala harufu ya karafuu, tumeona heri tuyaandike yote mahali pamoja.

Kisa ni hiki. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2024 chama chetu kilikuwa na mkutano wa matawi. Lori lilikwisha kukodiwa, mbuzi wawili walikwisha kuchinjwa na mchele umekwisha kuchaguliwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kinaelekea pwani yetu, na siku ya Ijumaa, tarehe 3 Mei, boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Sisi tukapeleka habari kwa matawi yote: mkutano umeahirishwa, mwenye kazi ya juu ya mti asipande, mwenye ngarawa aivute juu. Siku ya pili yake kimbunga kikafika Mafia, na kilipogusa nchi kavu kikapungua nguvu, hata usiku ule kikawa si kimbunga tena. Hapa Pemba hakikutufikia. Pilau ya tawi moja ililiwa na watu wachache mpaka wakachoka nayo, na mwenye lori hakurejesha hata senti. Tangu siku hiyo katibu wenu amekuwa mtu mwoga.

Twakiri kuwa maneno hayo yalituingia. Mtu akiambiwa mwoga mara nyingi huanza kujiuliza, na tulipopanda gari la moshi Dar es Salaam tulikuwa bado tukijiuliza: likija tangazo jingine, tutawaita tena wanachama wavute ngarawa zao, au tutanyamaza ili tusichekwe?

Safari ya Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita mia nane, na asiyepata kuisafiri asidhani ni safari ya kulala. Baada ya Morogoro njia hupita nchi tambarare ya Mkata, kisha Kilosa, mahali ambapo maji yana desturi ya kuidai ardhi yake. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliiharibu reli ya hapo, na magari ya abiria yakakatika muda mrefu. Tuliyatazama madaraja yale kwa dirisha na mmoja wa wazee wetu akasema kwamba kumbe hata bara kuna bahari, ila haina chumvi. Tulimcheka. Baadaye tulikuja kujua kwamba alisema kweli kuliko alivyodhani, kama mtakavyoona.

Isevya tulipokewa vizuri kupita kiasi. Mji wa Tabora una miembe mikubwa, na watu husema ya kwamba mingi ilioteshwa na watu wa misafara, waliokula embe njiani na kutupa kokwa. Hatukuweza kuulizia kila mwembe, lakini tulikaa chini ya mmoja jioni tatu mfululizo, juu ya mikeka, tukinywa chai yenye asali badala ya sukari. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa babu yake bibi arusi, mzee mwenye miaka zaidi ya themanini, ambaye hajapata kuiona bahari maishani mwake na hana nia ya kuiona.

Usiku wa kwanza Babu alituuliza: "Huyu mjukuu wangu mtampitisha lini katika maji yenu?" Mzee wetu mmoja akajibu haraka kwamba tutarudi naye wiki ile ile, au akipenda angoje mpaka Julai, kabla ya mavuno kuanza kwa nguvu. Na kwa kuwa Wanyamwezi na watu wa pwani wamezoea kutaniana tangu siku za misafara, yule mzee akaongeza utani: "Illa Katibu wetu huyu haendi popote mpaka upepo umwandikie barua ya ruhusa." Akasimulia habari ya pilau. Baraza zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao, kwani mtu afanyeje.

Babu hakucheka. Akasema: "Hapa Isevya simba hajaonekana tangu nilipokuwa mtoto. Lakini mtoto akilia usiku 'simba', sisi hufunga mlango kwanza, ndipo tukamcheka. Nyinyi mwamcheka kabla ya kufunga?" Kisha akatuuliza kama sisi watu wa karafuu twaijua habari ya upepo ulioipindua Unguja wakati wa Sultani Barghash. Tukasema twaijua. Akasema: "Basi mbona mwacheka?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa mazungumzo.

Kwa wanachama vijana ambao hawakusomeshwa habari hii, twaieleza. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Majahazi na merikebu zilizokuwa bandarini zilivunjwa au kutupwa pwani, na pamoja nazo merikebu za Sultani mwenyewe, hata ikambidi baadaye kuagiza nyingine Uingereza. Ile merikebu iliyoitwa Glasgow, iliyozamishwa bandarini mwaka 1896 Waingereza walipolipiga jumba la mfalme kwa mizinga, ilinunuliwa kuziba pengo hilo. Lakini hasara iliyotuhusu sisi ilikuwa mashambani. Waandishi wengi wa tarikh husema kwamba kiasi cha theluthi mbili za mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka. Mkarafuu, kama mjuavyo, una mizizi ya juu juu na matawi yanayokatika upesi. Upepo hauhitaji kuuvunja. Wauinua tu na kuulaza, na udongo uliolowa kwa masika hauna nguvu ya kuushika. Na mkarafuu ulioanguka leo haurudishwi na mche wa kesho, kwani mche hukaa miaka sita au saba au zaidi kabla ya kutoa mazao ya maana. Kwa hiyo mtu aliyelala tarehe 14 akiwa tajiri aliamka akiwa na deni la mfanyabiashara aliyemkopesha na miaka saba ya kungoja.

Pemba haikuguswa sana. Hili twalisema kwa upole, maana ndio mwanzo wa neema yetu. Karafuu zilipoadimika bei ikapanda, na wenye mali wakazidi kupanda Pemba, hata kisiwa chetu kikatangulia na hakijarudi nyuma mpaka leo. Wala tusijifiche jambo jingine: mikono iliyopanda ilikuwa ya watumwa. Mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Unguja ulitiwa sahihi Juni 1873, mwaka mmoja tu baada ya tufani, walakini watu waliendelea kuvushwa kwa siri kuja Pemba kwa sababu mashamba mapya yalitaka mikono. Wengi walitoka pande za Kilwa na Nyasa, na wengine walipitishwa njia hii hii ya Tabora. Tulipolitaja hilo chini ya mwembe palikuwa na kimya kidogo, kisha wakatuongezea chai.

Sasa, tufani ya Unguja ilisikiwaje Isevya? Siku ya pili ya arusi vijana walitupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kuiona tembe ambayo Daktari Livingstone alikaa. Yeye na Stanley walifika hapo kutoka Ujiji tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki kungoja wapagazi na vitu ambavyo mwenzake angempelekea kutoka Unguja. Basi hesabuni tarehe. Tufani ilipopiga, Stanley alikuwa yu njiani na Livingstone amekaa kibarazani Kwihara, wala hakuna kati yao aliyejua lolote. Lakini njiani Stanley alikutana na mvua na mafuriko yasiyo ya kawaida. Nchi ya Mkata, ile ile tuliyoitazama kwa dirisha la gari la moshi, ilikuwa ziwa, na huko Simbamwenni, karibu na Morogoro ya leo, mto ulikuwa umefurika na kuubomoa ukuta wa mji. Alipokaribia pwani ndipo alipoambiwa kwamba Unguja imeharibiwa na upepo. Alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei, wiki tatu baada ya tufani, na katika mji huo wa Unguja uliovunjika akaandikisha wapagazi. Walimfikia Livingstone katikati ya Agosti, naye akaondoka Kwihara tarehe 25 Agosti kwenda safari ambayo hakurudi.

Hatusemi kwamba ni tufani iliyomchelewesha. Umbali wenyewe ulitosha. Tunachosema ni kwamba habari ilikwenda kwa miguu. Mfanyabiashara wa Tabora aliyekuwa na mali Unguja aliweza kukaa miezi miwili au mitatu akijihesabu tajiri, na shamba lake liko chini. Babu anasema kwamba mzee wa ukoo wake alikuwa mpagazi wa tajiri mmoja wa namna hiyo, na kwamba msafara ulioleta barua uliingia mchana, na jioni ile tajiri akaanza kuuza pembe zake kwa bei ya kutupa. Hatuna hati ya kuthibitisha hayo. Tumeyaandika kwa kuwa aliyeyasema anayaamini, na kwa kuwa yanafanana na mambo tuyajuayo.

Mzee wetu wa kamati, ambaye hapendi kushindwa, akasema: "Babu, hilo ni moja tu katika miaka mia na hamsini." Ndipo ikatubidi nasi tusaidie, kwani katibu asiyejua kuhesabu hafai. Si moja. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi na kuua watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kuingia Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuja moja kwa moja kuelekea pwani yetu, kikafifia kabla ya kufika. Mei 2024 ni Hidaya. Yatazameni majina ya miezi, wanachama. Nyote ni Aprili, na mwanzo wa Mei. Wakati huo kaskazi limekwisha, sisi tumo katika masika, twadhani adui wetu ni mvua peke yake, na mashua zimekwisha kupigwa lami zingojee kusi.

Kwa nini basi visiwa vyetu hupata nadra? Wataalamu hueleza hivi. Kimbunga hupata nguvu zake katika bahari yenye joto, joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, na bahari yetu ina joto hilo kwa miezi mingi. Lakini ili upepo uanze kuzunguka kama pia wahitaji msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo ni dhaifu karibu na Ikweta, huzidi mtu anapoelekea kusini. Pemba iko katika nyuzi 5 kusini ya Ikweta, Unguja 6, Mafia karibu 8, Lindi 10. Kila unaposhuka hatari yazidi. Tena vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huzaliwa mbali mashariki, vikaja magharibi, vikajikunja kuelekea kusini, na Madagaska na Msumbiji ndizo zinazopokea vipigo. Mayotte nayo ilipigwa vibaya tarehe 14 Desemba 2024 na kimbunga Chido. Hiyo ndiyo ngao yetu, nayo ni ngao ya kweli. Lakini mwaka 1872 ilitoboka.

Kuna jambo moja la kimbunga ambalo tungependa kila mwenye shamba alijue, maana laweza kumwua mtu mwenye akili zake timamu. Katikati ya kimbunga mna jicho, na ndani ya jicho upepo hutulia na pengine jua huonekana. Mtu hutoka nje, hushukuru, huenda kutazama mikarafuu yake au ngarawa yake. Kisha ukuta wa pili humfikia, na upepo huvuma kwa nguvu zile zile kutoka upande mwingine kabisa. Asitoke mtu mpaka tangazo liseme kimekwisha.

Babu alisikiliza hayo yote, akahesabu kwa vidole. Kisha akasema: "Basi Aprili hapana. Na hiyo Julai yenu?"

Tukatazamana. Kwa kuwa alikuwa ameuliza, haikuwa haki kumficha. Julai ni kusi. Bahari haingoji kimbunga ili kuua watu. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka katika upepo mkali na mawimbi makubwa karibu na Chumbe. Mwaka uliotangulia, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama upande wa Nungwi, ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, ikielekea hapa kwetu Pemba. Hakuna kijiji cha Pemba kisichojua wiki ile ilivyokuwa, nasi hatutaieleza zaidi. Hata kaskazi lenye sifa ya upole lina hila yake: mkondo wa bahari yetu huenda kaskazini, upepo wa kaskazi huja ukipambana nao, na hapo mawimbi husimama wima, mafupi na makali, hasa penye milango baina ya visiwa. Wenye mashua ndogo wanalijua hili kuliko sisi.

"Aprili hapana, Julai hapana," akasema Babu. "Mjukuu wangu ataolewa na nani, samaki?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, na bwana arusi peke yake ndiye hakucheka. Lakini ndani ya kicheko hicho mlikuwa na swali la haki, na jibu lake ndilo tulilokuwa tukilitafuta tangu Dar es Salaam. Tukamwambia: Babu, mwezi haukatazi wala hauruhusu. Siku nyingi za Aprili bahari hupitika, na siku nyingi za Julai hupitika pia. Zamani nahodha alitazama mbingu na nyota, akakisia. Leo Mamlaka hutazama mawingu kutoka juu, hukiona kimbunga kingali mbali siku kadhaa, na kila siku hutoa habari za upepo na za mawimbi kwa mita. Hutangaza kwa daraja: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Tajiri wa babu yako aliipata habari baada ya miezi. Sisi twaipata kabla ya upepo wenyewe. Kosa letu ni kwamba tukiipata kabla, na upepo usitufikie, tunaona tumedanganywa.

Babu akafikiri. Kisha akatoa sharti lake: waende, lakini asubuhi ya kuvuka bwana arusi amsomee tangazo kwa simu neno kwa neno, na yeye Babu ndiye atakayesema ndiyo. Mzee wetu wa kamati alinong'ona kwamba huu ni upuuzi, mtu wa Tabora kuamrisha boti. Sisi tulinyamaza, ila moyoni tuliona kwamba huyu angefaa uenyekiti wa chama chetu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Bandarini Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, bwana arusi alisimama kando ya mizigo, debe la asali miguuni, akasoma. Simu ilikuwa ya sauti kubwa, hata wachukuzi walisikiliza.

"Mawimbi mita ngapi?" akauliza Babu.

"Mita moja, Babu."

"Mita moja inanifika wapi?"

"Kiunoni, Babu."

"Na zikiwa mbili?"

"Zinakupita kichwa."

Kukawa kimya. Kisha akasema, "Nendeni. Lakini huko Unguja mnisomee tena kabla ya kupanda ya Pemba." Tukamsomea tena. Bibi arusi alitapika mara mbili, akafika salama, na sasa yuko Wete akijifunza kuchambua karafuu.

Kamati ilikutana tuliporudi. Imekubali kwamba tangazo la hali ya hewa libandikwe kila asubuhi katika mlango wa ofisi na katika mizani ya kila tawi, na kwamba kuanzia daraja ya tahadhari hakuna atakayepanda mti wala kusafirisha magunia kwa mashua kwa jina la chama, hata kama jua linawaka. Atakayeandika kwa chaki, tafadhali aandike chini ya tangazo, si juu yake.

Tena, kamati imeona si haki tawi moja libebe peke yake gharama ya lori la Mei 2024. Fedha itatolewa katika mfuko wa chama. Viongozi wa tawi hilo walete stakabadhi ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, siku yoyote ila Ijumaa. Ya mbuzi na mchele hatulipi, kwa kuwa viliwavyo vililiwa.